Kutafuta kreta ndogo za asteroidi kwa picha za joto: dalili, visababishi na namna ya kutatua

Mwongozo huu ni wa wanafunzi, walimu na mafundi wa Arusha na Moshi wanaofanya kazi na picha za joto za asteroidi, hasa za Ryugu. Picha hizo zilipigwa na chombo cha Kijapani Hayabusa2 kati ya Juni 2018 na Novemba 2019, na yeyote anaweza kuzipakua kutoka hifadhi ya data ya JAXA, shirika la anga la Japani, bila malipo. Huhitaji darubini. Unahitaji kompyuta ya kawaida, Python, na subira ya kuangalia sehemu moja mara nyingi.

Jambo la kushika kabla ya mengine ni hili: picha ya joto haikuonyeshi umbo. Inakuonyesha mionzi inayotoka kwenye uso, na mionzi hiyo inaamuliwa kwa pamoja na mwelekeo wa uso kwa jua, aina ya kitu kilichopo pale, na saa ya siku mahali pale. Kreta ni umbo. Karibu kila tatizo lililoandikwa hapa linatokea pale mtu anapochukua picha moja, akaona duara, akaandika "kreta". Sehemu moja iangaliwe asubuhi, mchana na jioni yake. Ndipo umbo linapojitenga na aina ya kitu.

Namba za kuwa nazo mezani

Kamera ya joto ya Hayabusa2 inapokea mionzi ya mikromita 8 hadi 12, ina pikseli 328 kwa 248, na kila pikseli inafunika nyuzi 0.051. Kutoka umbali wa kilomita 20, ambako chombo kilikaa muda mwingi, pikseli moja ni mita 18 juu ya uso. Kutoka kilomita 5 ni mita 4.5, na kutoka kilomita 1 ni sentimita 90 hivi. Ryugu nzima, yenye kipenyo cha mita 900 hivi, ina upana wa pikseli 50 tu ukiitazama kutoka kilomita 20.

Siku ya Ryugu ni saa 7.63. Ukiigawa siku hiyo katika "saa" 24 za mahali, kila moja ni dakika 19 za saa yako ya mkononi. Inesha ya joto, yaani ukaidi wa uso kubadilika halijoto, ni takriban 300 kwa vizio vya kawaida (J kwa m², kwa K, kwa kipeuo cha pili cha sekunde). Kwa inesha hiyo, joto la mchana linazama kama sentimita 4 tu. Chochote kilicho chini zaidi ya hapo, picha haikijui.

Dalili: kreta ipo kwenye picha ya mwanga, kwenye picha ya joto hakuna kitu

Anza na umbali, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo mara nyingi. Kreta ya mita 20 iliyopigwa kutoka kilomita 20 ni pikseli moja. Hata kreta ambayo Hayabusa2 yenyewe iliichimba tarehe 5 Aprili 2019, kwa kurusha kipande cha shaba cha kilo 2 kwa kasi ya kilomita 2 kwa sekunde, ina kipenyo cha mita 14.5. Kutoka kilomita 20 haifiki pikseli moja. Kanuni ya kazi: usitafute umbo la kitu chenye upana chini ya pikseli 5. Maana yake ni mita 90 kutoka kilomita 20, na mita 22 kutoka kilomita 5. Kwa kreta ndogo za kweli tumia tu picha za siku ambazo chombo kilishuka karibu na uso. Umbali umeandikwa ndani ya kichwa cha faili. Ukiona haupo, ukokotoe kwa SPICE, programu na faili za NASA za kukokotoa mahali na mwelekeo wa vyombo na miili ya angani.

Umbali ukiwa sawa, angalia saa ya mahali. Asubuhi ukuta wa magharibi wa kreta unatazama jua na unapata joto. Alasiri hali inageuka na ukuta wa mashariki unapanda. Katikati ya hapo kuna kipindi ambacho kuta mbili zina halijoto moja, na kreta inapotea machoni kabisa. Wengi wanadhani kipindi hicho ni saa sita kamili. Sivyo. Uso una ukaidi wake, ukuta uliopashwa asubuhi unabaki na joto lake kwa muda, kwa hiyo kuta zinalingana baada ya jua kupita utosini. Ukiwa na picha ya saa saba mchana ya mahali pale na huoni kitu, chukua picha ya saa tatu asubuhi au saa kumi jioni kabla ya kukata tamaa.

Wakazi wa huku wanaweza kuliona hili bila chombo chochote cha angani. Arusha iko takriban nyuzi 3.4 kusini ya ikweta, na jua hupita juu ya utosi wetu wiki ya pili ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Chimba shimo la duara uwanjani siku hizo, litazame kwa kamera ya joto adhuhuri, kisha litazame saa tatu asubuhi. Tofauti utaiona mwenyewe.

Sababu ya tatu ni matarajio. Mtu aliyezoea Ngurdoto au bonde la ziwa Duluti anatarajia kuta zilizosimama. Hizo ni kreta za volkano. Kreta za mgongano za Ryugu na za Bennu, asteroidi nyingine ndogo, ni sahani: kina chake ni karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kreta ya mita 30 ina kina cha mita 3, na majabali yaliyolala ndani yake yanaweza kuwa na kimo kama hicho. Mteremko mdogo namna hiyo unatoa tofauti ndogo ya joto kati ya ukuta na ukuta, na majabali yanaivuruga. Kilichobaki hapo ni kuongeza idadi ya picha za saa tofauti; kuongeza rangi kwenye paleti hakusaidii.

Dalili: duara la joto linaonekana, lakini hakuna shimo

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye hatari kubwa ya kuandika uongo kwa nia njema.

Kwanza hakikisha duara liko kwenye asteroidi na si kwenye kamera. Fungua fremu tano za mfululizo. Asteroidi inazunguka, kitu kilicho juu yake lazima kihame pamoja nayo. Duara likibaki pikseli zile zile wakati Ryugu inapita chini yake, hilo ni la kamera: pikseli mbovu, lenzi iliyopashwa na jua kutoka pembeni, au usawazishaji wa fremu uliopitwa na wakati. Kamera za aina hii hazipoozwi. Joto la kamera yenyewe likibadilika nyuzi chache, msingi wa picha nzima unahama, na pembe za picha huhama tofauti na katikati. Dawa ni kutoa (kihesabu) fremu ya shata, ile inayopigwa shata ikiwa imefungwa, iliyo karibu kabisa kwa muda na picha yako. Ukitumia fremu ya shata ya saa mbili nyuma utapata duara hafifu katikati ya picha, zuri, la kuvutia, na la uongo.

Likihama na asteroidi, sasa una kitu cha kweli. Lakini kitu gani? Sehemu yenye joto kuliko jirani zake mchana inaweza kuwa na inesha ndogo tu: vumbi laini, au mwamba wenye matundu mengi. Ryugu ina mifano miwili inayojulikana vizuri, iliyochapishwa mwaka 2021: sehemu zenye joto zisizo za kawaida, na kiini chake ni majabali yenye matundu zaidi ya asilimia 70. Kinachofanya mfano huo uwe wa thamani kwetu ni mahali yalipo: karibu na katikati ya kreta ndogo, moja ya mita 20 hivi na nyingine ya mita 9. Kwa hiyo joto liliwaelekeza watafiti kwenye kreta, ila joto lenyewe lilitoka kwenye majabali yaliyomo. Mtu angepima kipenyo cha doa la joto na kukiita kipenyo cha kreta, angekosea.

Jaribio la kutenganisha ni usiku, au mara tu jua linapozama. Uso wenye inesha ndogo unapanda haraka na kushuka haraka: mchana ni moto kuliko jirani, usiku ni baridi kuliko jirani. Shimo lina tabia nyingine. Kuta zake zinapashana joto na kuziba sehemu ya anga, kwa hiyo likiwa la kitu kile kile kama jirani zake, usiku linabaki na joto kidogo zaidi. Doa la mchana linalogeuka baridi usiku ni aina ya kitu. Doa linalobaki na joto kidogo usiku, na mchana linabadilisha upande wake wa joto kadiri jua linavyosogea, ni umbo. Yakitokea mambo yote mawili mahali pamoja, una kreta yenye kitu tofauti ndani yake, na hiyo inafaa kuandikiwa ukurasa wake peke yake.

Dalili: upande wa joto na upande wa baridi umegeuka

Weka kidole kwenye picha upande jua linakotoka, kisha kisogeze kuelekea upande wa pili. Kidole kikikutana na baridi kwanza kisha joto, umepita juu ya shimo: ukuta ulio karibu na jua umelipa kisogo, ukuta wa mbali unalitazama. Kikikutana na joto kwanza kisha baridi, umepita juu ya jabali au kilima. Kanuni hii ni rahisi na, ukiacha kile kipindi cha baada ya adhuhuri, inategemeka, mradi ujue jua liko wapi. Na hapo ndipo watu wanapopotea.

Usikisie upande wa jua kwa kutazama sehemu yenye joto kuliko zote. Joto la juu kabisa liko upande wa alasiri, si chini ya jua. Chukua mwelekeo wa jua kutoka SPICE kwa sekunde ile ile ya picha, uuchore kama mshale juu ya picha, ndipo uanze kusoma.

Ryugu inazunguka kinyume. Mhimili wake umepinduka zaidi ya nyuzi 170, kwa hiyo kaskazini yake inatazama chini ukilinganisha na kaskazini ya njia ya sayari. Ukiweka picha kaskazini ya sayari ikiwa juu, jua litaonekana linachomoza upande usioutarajia. Bennu nayo ni hivyo hivyo. Chagua mfumo mmoja, uandike juu ya kila picha, usiubadilishe katikati ya kazi.

Halafu kuna kosa dogo la programu linalokula siku nzima. Faili za FITS, aina inayotumika kuhifadhi picha za anga, zinahesabu safu kuanzia chini. Amri ya kuchora picha katika Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora, inaanza juu usipoiambia vingine. Picha inageuka juu chini bila onyo lolote, mshale wa jua unabaki ulivyo, na mashimo yote yanakuwa vilima. Andika origin='lower' kila mara. Ili kuhakikisha, fungua faili hiyo hiyo ndani ya DS9, programu ya kutazamia picha za FITS, na ulinganishe jabali moja kubwa, kwa mfano Otohime lililo ncha ya kusini.

Dalili: halijoto haziingii akilini

Kwanza jua unatarajia nini. Uso mweusi kama wa Ryugu, ukitazama jua wima katika umbali wa 1 AU (umbali wa dunia kutoka jua), usipokuwa na ukaidi wowote, ungefika kama kelvini (K) 402. Katika 1.2 AU ni K 367, na katika 1.4 AU ni K 340. Njia ya Ryugu si duara kamili, kwa hiyo picha za miezi tofauti hazilinganishwi moja kwa moja. Namba yoyote iliyo juu sana ya kikomo hicho ina tatizo: emisiviti (uwezo wa uso kutoa mionzi) iliyowekwa vibaya, au kuta za shimo zinazoongezeana joto.

Namba ikiwa kati na kati, fikiria mchanganyiko ndani ya pikseli. Chukua pikseli ambayo nusu yake ni ukuta wa K 350 na nusu ni kivuli cha K 250. Wastani wa kawaida ni 300. Kamera ya mikromita 10 itakwambia 311, kwa sababu upande wenye joto unatoa mionzi zaidi ya mara tano ya ule wa kivuli. Kwa hiyo kreta ndogo isiyotenganishwa na pikseli haisomeki kuwa baridi, inasomeka kuwa na joto zaidi kuliko wastani wake. Usirekebishe halijoto ya pikseli kama hiyo kwa mkono. Chukua modeli yako, igeuze kuwa mionzi, changanya mionzi, ndipo ubadilishe kuwa halijoto. Utaratibu ukiugeuza, makosa ya nyuzi kumi yanaingia kimya kimya.

Pembezoni mwa asteroidi, mahali unapotazama uso kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 60, tupa data. Pikseli imevutika na inachanganya vitu vingi mno.

Dalili: picha za usiku ni chengachenga tupu

Kamera haijaharibika. Unyeti wake unashuka kadiri kitu kinavyopoa, na unashuka kwa kasi. Tuseme chenga za kamera ni K 0.3 inapotazama kitu cha K 300. Kwa kitu cha K 200, chenga zile zile ni sawa na K 1.5. Kwa K 150 zinafika K 9. Sasa linganisha na kile unachotafuta. Kwa kreta ya umbo la bakuli, sehemu ya anga inayozibwa na kuta ni 4(d/D)² ukigawa kwa 1 + 4(d/D)², ambapo d ni kina na D ni kipenyo. Kina cha moja ya kumi kinaziba asilimia 4 tu. Joto la usiku linaongezeka kwa K 2 hivi uso ukiwa K 200. Kina cha moja ya tano kinaziba asilimia 14, na ongezeko linafika K 7 au 8.

Kwa hiyo kreta ya kina kidogo usiku wa manane haionekani kwa fremu moja, na mtu asijilaumu. Changanya fremu. Fremu 16 zinapunguza chenga mara nne. Lakini usichanganye kiholela: uso wa ikweta ya Ryugu unakwenda sentimita 11 hivi kwa sekunde, maana yake kwa dakika mbili umehama mita 14. Kutoka kilomita 20 hiyo ni karibu pikseli nzima. Kutoka kilomita 1 ni pikseli 15, na kreta yako itakuwa imepakwa kama rangi. Sogeza kila fremu kwenye latitudo na longitudo kwanza, kisha uchanganye. Na badala ya usiku wa manane, tafuta dakika 20 hadi 40 baada ya jua kuzama mahali pale. Uso bado una joto la kutosha, na tofauti za ukaidi zimeshaanza kuonekana.

Dalili: kreta ile ile inakaa sehemu mbili kwenye ramani

Tofauti ikiwa ya kiasi kile kile na mwelekeo ule ule kwenye picha zote, tatizo ni mpangilio wa kamera: faili la SPICE linaloeleza kamera inavyoelekea ni la zamani, au umechukua la kamera ya mwanga ukadhani linafaa ya joto. Tofauti ikibadilika na pembe ya kutazama, tatizo ni modeli ya umbo.

Modeli za umbo la Ryugu zinapatikana kwa ukubwa tofauti: vipande 49,152, vipande 196,608, vipande 786,432 na vipande 3,145,728. Mwenye bando dogo huchukua ile ya kwanza, na kwa kazi ya jumla inatosha. Kwa kreta ndogo haitoshi. Kila kipande chake kina eneo la zaidi kidogo ya mita 50 za mraba, kwa hiyo kreta ya mita 20 ina vipande vitano au sita, na shimo linakuwa limesawazishwa kabla hujaanza. Ile kubwa ina vipande visivyofika mita moja ya mraba. Ni nzito, na kompyuta ya GB 8 inaweza kulemewa ikiifanyia hesabu yote. Ikate: chukua vipande vilivyo ndani ya mita 100 kutoka kreta yako, na kwa sehemu iliyobaki tumia ile ndogo ili upate vivuli vya mbali. Faili za picha zenyewe ni ndogo sana, chini ya nusu megabaiti kila moja, kwa hiyo bando lako liweke kwa ajili ya modeli ya umbo.

Dalili: modeli inatoa inesha isiyowezekana

Mchana mstari wa halijoto unatoka bapa, haupandi wala kushuka sana, na programu inakwambia inesha ni 800 au 1,000. Usiiamini haraka. Uso wenye miinuko midogo kila mahali, kama wa Ryugu, unatoa mstari bapa hata inesha ikiwa ya kawaida, kwa sababu wakati wowote kuna nyuso ndogo zinazotazama jua. Modeli ya uso laini haina njia nyingine ya kueleza ubapa huo ila kupandisha inesha. Weka ukwaru kwenye modeli, kisha tafuta inesha na ukwaru kwa pamoja. Kipimo cha kujilinganisha nacho kipo: kifaa kidogo MASCOT, kilichoshushwa juu ya Ryugu Oktoba 2018, kilipima jabali moja kwa karibu na kupata inesha ya 282 hivi. Ukipata thamani mbali sana na 200 hadi 400 kwa eneo la kawaida, rudi nyuma ukague ukwaru, vivuli, na kama umehesabu kuta zinazopashana joto.

Ndani ya kreta rudia hesabu mara mbili, kuta zikipashana joto na zisipopashana. Majibu yakitofautiana zaidi ya chenga zako, la pili halifai kuchapishwa.

Jaribio la mezani, na yanayoharibika humo

Kabla ya kugusa data za angani, fanya jaribio kwa mchanga. Linafundisha jicho kuliko maelezo yoyote, na vifaa vyote vinapatikana Moshi mjini.

Tengeneza kasha la mbao la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 15. Jaza mchanga wa mtoni uliochekechwa na kukaushwa juani siku mbili, ukiugeuza. Chimba mashimo matatu ya kipenyo cha sentimita 20: moja kina sentimita 2, la pili sentimita 4, la tatu sentimita 2 lakini ndani yake weka jiwe jepesi la volkano lenye matundu. Pembeni weka jiwe zito lisilo na matundu, ukubwa wa ngumi mbili. Kamera ya joto ya mkononi ya pikseli 160 kwa 120 inatosha. Ifunge kwenye stendi mita 1.5 juu. Emisiviti weka 0.95 uiache hapo.

Acha jua la saa tatu asubuhi lipige dakika 20, kisha likinge kasha zima na jua kwa ubao dakika 20, ukipiga picha kila dakika mbili. Rudia mara tatu. Kwa mzunguko huo wa dakika 40 joto linazama sentimita 1.2 tu, na mashimo ya sentimita 20 yanatosha kuonekana. Ukifanya kwa siku nzima badala yake, joto linazama kama sentimita 7, linapita kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya mchanga, na mashimo yanafifia. Hili ndilo linalowashinda wengi: wanachimba shimo dogo, wanasubiri mzunguko mrefu, wanasema kamera haifai.

Picha ikiruka rangi kila sekunde, kamera inajipangia kipimo chenyewe. Kizime, funga kipimo kati ya nyuzi 20 na 60 za Selsiasi. Mchanga wote ukionekana baridi bila mpangilio, bado una unyevu; maji yanayovukiza yanapoza. Doa la joto likikaa katikati ya kasha daima, umetumia balbu ya vifaranga ya wati 250 ukaiweka karibu mno. Ipeleke umbali wa mita 1.5, uiweke pembeni kwa pembe, au rudi kwenye jua. Ubao wa kuzibia ukiwa umepigwa bati, kamera itasoma bati kuwa baridi kupita kiasi, kwa sababu linaakisi anga. Upepo wa mchana wa Moshi unafuta tofauti ndogo kwa dakika chache, kwa hiyo fanya kazi mapema, na epuka Juni na Julai ambapo wingu la mlimani mara nyingi halifunguki hadi mchana.

Usitarajie inesha ya mchanga wako ilingane na ya vumbi la angani. Hapa hewa imejaa kati ya chembe na inabeba joto. Kule hakuna hewa, na vumbi lile lile lingekuwa na inesha ndogo mara kadhaa. Jaribio linafundisha mpangilio wa joto na baridi, halifundishi thamani.

Data zijazo

Chombo Hera cha Ulaya, kilichorushwa tarehe 7 Oktoba 2024, kinaelekea asteroidi Didymos na mwezi wake Dimorphos, ambao chombo cha Marekani DART kiliugonga tarehe 26 Septemba 2022. Kamera yake ya joto imetengenezwa Japani na ina pikseli 1024 kwa 768, kila moja nyuzi 0.013 hivi. Kutoka kilomita 10 pikseli ni kama mita 2.3, kwa hiyo kanuni ya pikseli tano inashuka hadi mita 12.

Dalili mbili zitakuja nazo. Didymos inazunguka kwa saa 2.26, na joto lake la kila siku linazama karibu nusu ya lile la Ryugu kwa kitu cha aina ile ile. Vumbi jembamba ambalo Ryugu ingelificha, pale litajionyesha. Pili, miili hii miwili inazibiana jua. Kivuli kikipita juu ya kreta, halijoto itashuka ghafla katikati ya mchana wa mahali pale, na programu isiyojua kupatwa huko itasoma inesha ndogo pasipo na vumbi lolote. Kabla ya kupakia fremu yoyote ya Hera, kokotoa kwa SPICE kama Dimorphos au Didymos iko kati ya jua na eneo lako. Fremu za kupatwa zitenge kwenye folda yake, kwani kivuli cha muda mfupi namna hiyo kinapima tabaka la juu kabisa la uso tu.